Linux Mint 22 kwa saiba ya Malindi: rivyu ya paswedi ya admini tu, mengine tafuteni kwingine

Niseme mapema, hii rivyu si ya rangi za deski wala ati Linux ina kasi kuliko Windows, hayo yameandikwa sana. Mimi nina saiba hapa Malindi, Maweni, mashine sita na printa mbili, na mashine zote saa hii ziko kwa Linux Mint 22, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Windows, na kilichonifanya nikae niandike ni kitu kimoja, vile inashika swala la nani ana ruhusa ya kuinstali programu na nani hana. Kwa mtu wa saiba hapo ndipo roho ya biashara ilipo, manake kompyuta zako zinakaliwa kutwa nzima na watu usiowajua, huyu amekuja kwa eCitizen, yule anajaza ritani za KRA, mwanafunzi anatafuta kozi KUCCPS, Mtaliano kutoka Casuarina anaprinti tiketi ya ndege, na kila mmoja ana flashi yake mfukoni ambayo hujui imetoka wapi.

Kuhama kwenyewe nilihama kwa sababu mashine zangu ni ex-UK za zamani, Intel za kizazi cha nne, na Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 nayo rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, so hapo hakuna mjadala. Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 ambayo ni Linux nyingine, itapata apdeti mpaka 2029, RAM inataka gibi 2 kwa uchache na 4 ndio raha, na ni bure kabisa. Faili lake ni karibu gibi 3 kudaunlodi, tafuta waifai usile bando.

Sasa tuje kwa paswedi.

Zamani tulikuwa na fundi aliyetuwekea mashine zote akaunti moja tu, hiyohiyo ya admini, na paswedi hakuna, alisema ndio isisumbue wateja. Basi kila aliyekaa pale alikuwa na uwezo wa kufanya lolote. Kijana anakuja kudaunlodi muziki, ukurasa unamwambia bonyeza hapa, anabonyeza, na programu inaingia mpaka ndani ya mifupa ya mashine bila kuulizwa swali hata moja. Kila asubuhi ilikuwa ni kufagia takataka za jana. Tatizo halikuwa Windows, hata Windows ina akaunti za kawaida na za admini ukitaka kuzitumia, tatizo lilikuwa huyo fundi kuona kizuizi ni usumbufu. Na wako wengi sana wa mawazo hayo, hata kwa Linux, ndio maana naandika.

Kwa Linux kuna akaunti moja inaitwa root ambayo haiambiwi hapana na mtu. Inaweza kufuta kila kitu, kusoma mafaili ya kila mtu, kubadilisha chochote. Ukiinstali programu kwa njia ya kawaida inabidi mafaili yake yawekwe kwenye mafolda ya mfumo, na huko root pekee ndiye anayeandika, ndio sababu unaulizwa paswedi. Mint, kama Ubuntu tangu ianze 2004, haikupi root uingie nayo moja kwa moja, hiyo akaunti imefungwa. Badala yake kuna sudo, programu ya zamani sana, ilianzia chuo kikuu cha Buffalo kule Marekani karibu mwaka 1980, na kazi yake ni kukuazima nguvu za root kwa amri moja tu, alafu unarudi kuwa mtu wa kawaida. Unaandika sudo apt install na jina la programu, unatoa paswedi yako mwenyewe (si ya root, hiyo haipo), kazi inafanyika, imeandikwa kwenye kumbukumbu ni nani aliyefanya na saa ngapi. Nikitaka kuona jana kulifanywa nini naandika sudo journalctl -t sudo, yote yanakuja, amri kwa amri.

Kitu kidogo nilichokipenda, ukiandika paswedi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, Mint inakuonyesha vinyota. Kwingine unaandika na hakuna kitu kinachotokea kwenye skrini, watu wanadhani kibodi imekufa. Kwa mtu mgeni vile vinyota vinampa moyo.

Lakini mimi terminali si ya kila siku, na wateja ndio kabisa. Pale pa kupimia Mint ni kwa dirisha lile linalochomoza katikati ya skrini kusema unatakiwa uthibitishe wewe ni nani. Nitawapa mfano. Kuna maalim mmoja wa madrasa nilimwekea Mint kwenye laptopu yake, anarekodi kasida za wanafunzi na alitaka Audacity ya kukatia sauti. Nikamwonyesha Software Manager, pale pa kuchukulia programu kwenye Mint, akatafuta, akabonyeza kuinstali, mara simu.

"Mwanangu, hiki kitu kinaniuliza paswedi. Nikipe?"

"Maalim, wewe ndiye uliyeiomba hiyo programu saa hii?"

"Ndiyo, mimi, sasa hivi tu nimeibonyeza."

"Basi kipe. Siku ikikuuliza na wewe hujaomba kitu, ukatae, alafu unipigie."

Haya ndiyo masomo yote ya admini kwa mtu wa kawaida, wallahi sijapata ya kuongeza. Na maalim ameshika kuliko vijana wengi, juzi amenipigia kwamba imeulizwa paswedi akaikataa, kumbe ilikuwa ni apdeti za kweli, tukaangalia pamoja akaendelea. Mimi napenda apige simu mara kumi za bure kuliko aandike paswedi kwa mazoea.

Na hapo ndipo Mint naikata nyota moja. Lile dirisha halikwambii vya kutosha. Linakwambia uthibitishe ili kuinstali programu, sawa, lakini halikuonyeshi kwa lugha nyepesi kwamba hiki kifurushi cha programu kimetoka ghala la Mint lenyewe ambalo limetiwa sahihi na kukaguliwa, au ni faili la .deb (faili la kuinstalia programu) umelitoa kwa tovuti ya mtu fulani. Kwa macho ya mteja yote ni mlango mmoja. Na tofauti ni kubwa sana, manake watu wengi hawajui hili: faili la .deb linabeba ndani yake skripti ambazo zinaendeshwa wakati wa kuinstali, na zinaendeshwa kama root. Yaani ukitoa paswedi hujaruhusu programu ikae tu kwenye mashine, umemruhusu aliyeitengeneza afanye anachotaka kwa dakika hiyo. Kama ni la ghala la Debian (Linux ambayo Ubuntu imetokana nayo), Ubuntu au Mint basi kuna watu wanaosimamia. Kama ni la tovuti uliyoiona leo, unamwamini nani?

Hivohivo kwa zile PPA, ghala za watu binafsi unazoongeza kwenye mfumo. Ukiongeza moja umempa mwenyewe nafasi ya kukuletea apdeti kila siku, na kila apdeti inaingia kama root. Huyo mtu akichoka leo akamwachia mwingine, wewe utajuaje? Kwa saiba yangu PPA hakuna hata moja na sijakosa kitu.

Na kuna ile ya kukopi mstari kutoka kwa mtandao, ule unaoanza na curl, amri ya kudaunlodi, na kuishia na sudo bash. Hiyo ni kuchukua skripti ya mtu usiyemwona na kuiendesha na nguvu zote kabla hujaisoma. Kama lazima, daunlodi kwanza, fungua usome, hata kama huelewi yote utaona ikiwa inafuta au inaongeza watumiaji. Wale wa Python nao, kuandika sudo pip install kulikuwa kunaharibu mashine za watu manake pip, kiinstalio cha Python, inakuja kukanyaga vitu vya mfumo wenyewe, na Ubuntu 24.04 kwa hivyo na Mint 22 sasa zinakataa, zinakwambia hayo mazingira yanasimamiwa na wengine, utumie venv au pipx, zinazoweka vitu vya Python pembeni. Wanafunzi wa kompyuta wananilalamikia sana kuhusu hilo kosa, nawaambia mashine iko sahihi, tengeneza venv kwenye folda yako, hutahitaji paswedi ya mtu.

Kwa upande wa wafanyakazi. Nina mtoto wa kaka yangu ananisaidia jioni, kijana mzuri, mwepesi, lakini sikumpa admini. Kwenye Users and Groups unachagua tu, Standard au Administrator, yeye ni Standard. Siku za kwanza ilikuwa shangazi hivi, shangazi vile.

"Shangazi, printa mpya inataka paswedi na mimi sina, na wateja wamejaa hapa."

Njia ya mkato ingekuwa kumtilia sudo yamalizike. Lakini Linux ina makundi, na kundi la printa linaitwa lpadmin, ukimwingiza mtu humo anaweza kuongeza printa na kuzipanga bila kuwa na uwezo wa kugusa kitu kingine. Nikaandika sudo adduser na jina lake kisha lpadmin, akatoka akaingia tena, basi. Epson yetu ya wino wa chupa ilikubali na draiva iliyoko ghalani tayari, printer-driver-escpr, wala sikuenda kutafuta faili la kwa tovuti. Hili la makundi ndilo lililonivutia kuliko yote katika Linux, kwamba si lazima mtu awe ama hana kitu ama ana kila kitu. Mint yenyewe hailitangazi, mpaka uende kulitafuta, na hilo nalo ni kasoro kwangu, wangeliweka pale pale unapotengeneza akaunti mpya kwa maneno ya kawaida, huyu ashughulike na printa, ndiyo au hapana.

Tena mjihadhari hapa, kuna ushauri unazunguka kwamba mpe mfanyakazi sudo ya amri moja tu, apt ya kuinstali peke yake, kupitia faili la sudoers linaloorodhesha nani ana ruhusa ya sudo. Inasikika vizuri lakini haisaidii. Mtu mwenye sudo ya apt anaweza kuinstali .deb yoyote, na tumeshasema .deb inabeba skripti za root, so amri moja imekuwa amri zote. Vilevile ukimpa sudo ya vim, programu ya kuhariri maandishi, ndani yake mtu anafungua shell, pa kuandikia amri, na shell hiyo ni ya root. Ruhusa ndogo iwe ndogo kweli, kama ya lpadmin. Na ukihariri sudoers tumia visudo, hiyo inakagua mstari uliouandika kabla ya kuuhifadhi, ukikosea herufi kwa njia nyingine unaweza kujifungia nje sudo isikubali tena.

Wateja nao hawana akaunti yoyote. Kwenye Login Window kuna kipengele cha kuruhusu wageni, kimezimwa ukiinstali, ukiwashe. Mgeni anaingia bila paswedi, anafanya yake, akitoka kila alichoacha kinafutika, PIN ya KRA aliyoidaunlodi, picha ya kitambulisho, brauza iliyobaki imefunguliwa na barua pepe yake, vyote kwisha. Sudo hana. Hii peke yake ingetosha mimi kuhama. Kina mama wengi hapa wanakuja na watoto wao kujaza fomu za shule na afya, wanaacha kila kitu wazi wanaondoka zao, na mimi sikuwa nalala vizuri kujua namba zao ziko pale kwa anayekuja nyuma yao.

Lakini msidanganyike kwamba ukikosa admini ndio uko salama kabisa. Programu mbaya ikiendeshwa na akaunti yako ya kawaida haiwezi kuugusa mfumo, ni kweli, ila mafaili yako mwenyewe inayafikia, picha, hati, paswedi ulizohifadhi kwenye brauza. Vitu unavyovijali ndivyo viko pale pale kwa mkono wake. Kwa wageni wa saiba vinafutika, kwa laptopu ya nyumbani havifutiki. Kwa hivyo bakapu bado, akili bado.

Flatpak, njia nyingine ya kuinstali programu. Hapa nimegawanyika. Software Manager ina programu za ghala la Mint na za Flathub, ghala la Flatpak, pamoja, na tangu Mint 22 zile za Flathub ambazo mwenyewe hajathibitishwa zimefichwa mpaka uziwashe, hongera kwao, uamuzi mzuri. Na Flatpak inaweza kuinstaliwa kwa mtumiaji mmoja tu, ndani ya folda yake, bila paswedi ya admini kabisa, unaandika flatpak install --user. Kijana anaweza kujiwekea programu ya kuhariri video na ikamhusu yeye peke yake, mimi sijaulizwa na mfumo haujaguswa. Shida ni kwamba hiyo njia iko terminali na inabidi pia umwongezee ghala la Flathub upande wake kwanza, kwa madirisha sikuiona. Na Flatpak ya kwanza inavuta mizigo mingine mikubwa ya kutegemea, kwa intaneti ya kulipia ya huku unaiona hela ikienda. AppImage ni nyepesi zaidi, faili moja, unaliruhusu liendeke, basi, lakini hakuna anayeliapdeti wala anayelikagua, kwangu ni mpaka niwe nalijua limetoka wapi.

Kuna dakika 15 nataka muzijue. Ukishatoa paswedi kwa sudo, familia ya Debian na Ubuntu inakukumbuka robo saa kwenye terminali ileile, haikuulizi tena. Nyumbani ni starehe. Saiba, umeinstali kitu kwenye mashine namba nne, mteja akakuita, ukaacha terminali wazi, anayekaa hapo ana root mpaka robo saa iishe. Andika sudo -k kabla ya kuinuka, inasahau hapo hapo. Mimi nimeizoea kama kuvuta mlango wa stoo nikitoka.

Na apdeti jamani. Mwezi Juni 2025 lilitangazwa tundu kwenye sudo yenyewe, CVE-2025-32463, matoleo ya 1.9.14 mpaka 1.9.17, mtumiaji yeyote aliyeko kwenye mashine aliweza kujifanya root hata kama hayumo kwenye sudoers. Sudo ya Ubuntu 24.04 ilikuwa kwenye kundi hilo, kwa hivyo na Mint 22 pia. Marekebisho yalitoka haraka, lakini yanamfaa aliyebonyeza Update Manager. Kabla yake 2021 kulikuwa na jingine lililokaa ndani karibu miaka kumi halijaonekana, na 2022 likaja la pkexec, programu ya polkit, na polkit ndiyo iliyo nyuma ya yale madirisha ya paswedi, tundu hilo lilikuwepo tangu 2009. Nawatajia haya si kuwatisha, Mint ile ngao ndogo iliyoko pembeni ya chini inakwambia kuna apdeti, mwenye admini ndiye mwenye jukumu la kuibonyeza, ukijipa cheo basi fanya na kazi yake. Stima ikipotea katikati ya apdeti, na huku inapotea, Timeshift, inayotunza nakala za mfumo, inakurudisha ulipokuwa, iwashe siku ya kwanza.

La mwisho ambalo wauzaji hawasemi, mtu aliyekaa na mashine yako peke yake akiiwasha upya anaweza kuingia kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, achague recovery, hali ya kurekebishia mashine, apate root bila paswedi yako. Paswedi ya admini inalinda mashine iliyowaka. Laptopu inayosafiri, ile ya kupanda nayo basi la Mombasa au boti la Lamu, wakati wa kuinstali weka alama pale kwenye kusimba diski, LUKS, itakuuliza neno kabla haijawaka. Baadaye huwezi kuiongeza kirahisi, itabidi uinstali upya. Mashine zangu za saiba sikuzisimba, ziko ndani, zimefungwa na nyaya, na hazina vitu vya watu.

Nyota nne kati ya tano. Mkiinstali, ile akaunti ya kwanza Mint inayokutengenezea ni ya admini, iite jina lolote na uiache kwa kazi hiyo tu, alafu tengeneza ya pili Standard ndiyo uitumie kila siku hata kama mashine ni yako peke yako. Dirisha la paswedi likija kwenye akaunti ya Standard litakutaka paswedi ya yule admini. Paswedi yenyewe mimi nimeiandika kwenye karatasi, iko kwa mume wangu nyumbani, na mtoto wa kaka anajua pa kupiga simu nikiwa niko safari.